Epifania Alivyoiacha Barafu

Kibosho hawasemi "mlima". Husema Kibo, kama mtu anavyomtaja jirani. Kila asubuhi babu yake Epifania alitoka nje, akaigeukia Kibo, akatema mate kidogo kuomba baraka, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nimelala chini ya milima mingi ya nchi za watu, na kwingi nimekuta wenyeji wakiuogopa mlima wao. Hapa nilikuta mazoea. Na mazoea hayo nusura yamuue mtu.

Epifania alizaliwa katikati ya migomba na kahawa, akaolewa jirani, akawa mjane mapema. Tangu utoto alikuwa na tamaa moja ambayo hakumwambia hata padri. Alitaka kuishika ile barafu ya Kibo. Aliiona kila jioni ikigeuka rangi ya waridi juu ya migomba yao, karibu kama paa la jirani, lakini hakumjua mwanamke hata mmoja aliyepita zaidi ya pale wanapookota kuni msituni.

Mwaka 1971, Uhuru ulipokuwa unatimiza miaka kumi, tawi la chama kijijini likaamua kupeleka watu kileleni. Epifania alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mdogo wake Mathayo, mwenye bucha pale Kiboriloni, alimcheka kwenye kilabu cha pombe mpaka akashika tumbo.

"Dada, unakwenda kuwapikia malaika kiburu cha ndizi na maharage?"

"Nitawapikia. Nyama utaleta wewe?"

Watu waliokuwa kilabuni wakamgeuzia Mathayo kicheko. Kesho yake naye akajiandikisha. Angekaaje hapo na kibuyu cha mbege wakati dada yake yuko Kibo?

Walipandia njia ya Marangu wakiongozwa na kijana aitwaye Ildefonce, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni. Msituni Mathayo alitembea mbele ya wote akiimba.

"Polepole, mzee," Ildefonce alimwambia. "Juu huko watu wanaugua."

"Wanaougua ni Wazungu, wametoka mbali. Sisi Kibo anatujua. Kijana, mimi nabeba nusu ng'ombe begani!"

Msitu ukaisha. Vichaka navyo vikaisha. Wakatokea kwenye uwanda mtupu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, mahali pasipo na mti wala ndege, penye mawe, vumbi na upepo tu. Epifania aligeuka kutazama alikotoka. Kibosho haikuwapo, wala Moshi. Nchi yote aliyoijua ilikuwa imefunikwa na mawingu, na mawingu yalikuwa chini ya miguu yake. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoelewa kuwa jirani huyu hawakuwahi kumtembelea. Walikuwa wakimwona dirishani tu.

Mbele yao barafu ilisimama, kubwa kuliko kanisa lolote, nyeupe yenye ubuluu ndani yake, ikitoa mwanga kana kwamba jua lilikuwa upande wake wa pili. Epifania akapiga ishara ya msalaba. Miguu ilikuwa imechoka, lakini kifua kilikuwa chepesi na kichwa kilikuwa kitulivu. Alijua atafika.

Mathayo alikuwa ameacha kuimba. Walipokifikia kibanda cha mwisho, jua likiwa bado juu, alikuwa anayumba kama mlevi. Alitapika mlangoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, kifua kilikoroma, na alimwita Epifania kwa jina la mama yao aliyekufa zamani. Ildefonce alimvuta Epifania pembeni.

"Mama, huyu ashuke sasa hivi. Juzi juzi tulimshusha mgeni, kijana mwenye nguvu, amefungwa ndani ya blanketi. Naye alikuwa anakoroma hivyo."

"Mwambie."

"Nimemwambia. Amenifukuza. Ni mzee wangu, nimfunge kamba?"

Epifania akaenda mwenyewe. Mathayo alikuwa ameegemea ukuta.

"Mdogo wangu, shuka."

"Wewe je?"

"Mimi naendelea na wenzetu."

"Basi na mimi naendelea." Alipumua kwanza. "Unataka Kiboriloni yote iseme Epifania amefika Kibo, Mathayo amerudi na matapishi? Nitafia hapa."

Hakuwa anatania. Epifania alitoka nje akasimama. Ukingo wa barafu ulionekana wazi, kila ufa wake. Kwa miaka yote ile hakuwa amewahi kuwa karibu nayo kiasi hicho. Aliitazama mpaka Ildefonce akadhani naye ameanza kuugua.

Kisha akarudi ndani, akajishika kichwa, akaketi chini kwa kishindo.

"Mathayo, kichwa kinapasuka. Sioni vizuri. Nipeleke nyumbani."

"Dada?"

"Utaniacha nife mikononi mwa watu? Nipeleke!"

Mathayo akainuka. Hilo aliliweza, kwa kuwa alikuwa kaka mwenye dada mgonjwa. Walishuka wakiwa wameshikana, Epifania akijifanya kuegemea na huku yeye ndiye aliyebeba uzito, Ildefonce akiwashika nyuma. Wenzao walibaki na wasaidizi wa Ildefonce. Kila walivyoshuka ndivyo mkoromo wa Mathayo ulivyopungua. Kwenye vibanda vya Horombo, chini ya ule uwanda mtupu, aliomba uji, na Epifania akaenda nyuma ya kibanda kulia.

Wenzao walifika kileleni. Lakini hadithi iliyopendwa kilabuni ilikuwa ya Mathayo, mwanamume aliyeiacha Kibo ili amwokoe dada yake. Aliisimulia kwa miaka mingi, kila mwaka ikinenepa, hata ikafika mahali alimbeba mgongoni. Epifania aliisikiliza huku akiwamiminia watu mbege. Akiulizwa, alisema, "Ndiyo, mdogo wangu alinileta nyumbani." Hakupanda tena.

Mathayo alizikwa mwaka jana, ndiyo maana naweza kuandika haya. Katika ugonjwa wake wa mwisho, Epifania alikuwa akimlisha kwa kijiko, mlango ukiwa wazi, na Kibo ikionekana yote bila wingu.

"Dada," Mathayo akasema, "siku ile kichwa kilikuuma kweli?"

"Kiliuma."

"Mwongo wewe."

"Kula."

Akafumbua kinywa, akala.