Kuku wa Kidole Kifupi

Jirani yetu wa Mjambere hafungi kuku wake vitambaa vya alama miguuni kama wenzake. Kitambaa mwizi hukifungua huku akitembea. Yeye kifaranga akianguliwa tu, humkata ncha ya kidole cha nje kwa mkasi wa kushonea, akampaka majivu, akamwambia, "Pole, mwanangu." Jioni wakirudi huwapapasa miguu kwa kidole gumba, macho yake yakiwa njiani.

Mwaka huu wa kungoja uhuru wizi umezidi, na mwezi uliopita mwizi mmoja alipigwa hapa mpaka akafa. Juzi vijana wakamleta mchuuzi wa kuku na tenga lake, damu inamtoka puani. "Wallahi nimewanunua Jomvu, mama!" Stambuli, kiongozi wa vijana hao, akamtia jirani kuku mmoja wa tengani mkononi. "Bibi, sema ni wako. Neno moja tu." Nilikiona kidole gumba kikishuka mguuni, kikasimama pale penye kidole kifupi.

"Si wangu," akasema, akamwachia.

Kuku akajikung'uta, akaukata uwanja moja kwa moja, akaingia jikoni kwake, akalala kiotani. Fimbo zikainuka. Jirani akasimama mbele ya mchuuzi.

"Kaingia kwangu, basi ni mgeni wangu. Na huyu pia. Haya, nipigeni mimi kwanza."