Ukuta Bila Tundu ya Maji

Mu ile miaka ya vita, kila mutu wa Butembo mwenye kupata kitu kidogo alijenga. Haikukuwa kiburi, ilikuwa woga. Mashamba ilibaki ku batu ya bunduki, barabara ya Beni ilifungwa kila mara, donc mutu angeenda wapi? Tulijenga. Na matofali haiivi bila kuni, njo maana mikaratusi yote ya mulima wetu iliishia mu tanuru. Baba alikata hata ile ya nyuma ya nyumba. Mama alimuambia, "Ile miti njo inashika udongo." Baba alicheka tu.

Kwetu, mwenye kujenga ku mutelemuko anakata mulima, anapata mahali sawasawa, udongo anamusukumia jirani wa chini. Ni vile tu. Muchuuzi mwenye aliishi juu yetu alipoanza etaji yake, nyumba ya gorofa, udongo wake ulishukia kwetu. Baba hakumulaumu, ju na yeye alifanya vile kwa mujane wa chini, mama mumoja mwenye alikimbia vita na batoto watatu. Baba akajenga ukuta kuzunguka parsele nzima, nyumba na kiwanja.

Mafundi walipouliza tundu ya maji itakuwa wapi, yule mama akapanda kwetu. "Papa, tafazali, maji yako isipite kwangu. Nyumba yangu ni ya miti na udongo." Binti yake alikuwa rafiki yangu, tulichota maji pamoja kila siku. Miye njo nilimusihi baba mpaka akakubali kujenga bila tundu. Nilijiona mutu mwema sana. Kumbe tundu moja ndogo ingepitisha maji kidogo-kidogo.

Siku moja, saa nane ya muchana, mvua ikanyesha, na mulima wa muchuuzi yule ukashuka. Matope nyekundu iliruka ukuta ya juu, ikajaa kiwanja. Mulango wetu wa chuma, ule wa ku ukuta, ulikuwa wa kufungukia ndani. Matope iliubana, hatukuweza hata kuutikisa. Tulikuwa mu sanduku. Mama alimupandisha nyanya, mwenye hakutembea tena, juu ya meza. Maji ikafika ku meza.

Baba akabeba nyundo kubwa, akaenda ku ukuta ya chini. Nilishika shati yake. "Papa, ulikubali." Akanisukuma. Alipiga kelele wale wa chini batoke, halafu akapiga ukuta. Nyumba ya mujane iliyeyuka sawa sukari mu chai.

Walikuwa wametoka, wote wane, na sufuria moja. Njia ya kurudia kwao, kule walikimbia, ilikuwa ingali imefungwa na vita, donc maji ilipopungua walipita mu ile tundu ya baba, wakaingia kwetu, ju hakukuwa pengine. Binti ya mujane walimupa kulala ku mukeka wangu. Alilala pale musimu muzima, uso ku ukuta, na kuchota maji alienda peke yake.