Pango Lililosomwa kwa Vidole

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi wa Kanda hakuniuliza habari za cheti changu cha uchoraji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso kutoka kwenye ramani, kisha akasema, "Binti, unaogopa popo?"

"Sijawahi kukutana nao, mzee."

"Basi Jumatatu mtakutana."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kunakili michongo ya kale, nikaifanya mpaka nilipostaafu. Vijana wanaokuja kunisalimia hapa Ipagala, Dodoma, huniuliza ilikuwa kazi gani hasa, maana siku hizi kamera inazungushwa mara moja na pango zima linaingia kwenye kompyuta. Wengi wamesikia habari za michoro ya rangi ya Kondoa. Sisi tulishughulika na michongo, yaani alama zilizochimbwa kwenye mwamba kwa jiwe gumu zaidi. Mchongo hauna rangi. Ukiumulika usoni unapotea. Taa huwekwa ubavuni, karibu kabisa na ukuta, ili kila mfuo utoe kivuli chake. Hapo unatandaza plastiki angavu juu ya mwamba, mwenzako anaishikilia, nawe unafuata kivuli kwa kalamu ya wino. Hatukuruhusiwa kujaza alama kwa chaki kama walivyofanya waliotutangulia, wala kugusa ukuta kwa mkono mtupu. Hilo la mwisho tuliambiwa kila asubuhi kabla ya gari kuondoka.

Pango letu liko kwenye kilima ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Mlangoni hakuna alama hata moja. Zinaanzia pale mwanga wa jua unapoishia, zinaendelea ndani gizani: mistari mitatu iliyokutana kama matawi, maduara, na safu za vishimo vidogo. Mhifadhi wa Kanda aliamini ni kalenda ya mvua. Alipohamishwa akaja Mhifadhi Mwandamizi kutoka pwani, yeye akasema ni chapa za ng'ombe, kila ukoo na yake. Mimi nilikuwa mchoraji tu, sikuulizwa. Lakini nilijiuliza kwa nini mtu achonge kalenda mahali asipoweza kuiona. Wala hatukukuta masizi ya mienge juu ya dari.

Wakati huo ofisi yetu ilikuwa na opereta wa simu aliyeitwa Lazaro. Alikuwa kipofu tangu utotoni, amesoma shule ya wasioona ya Buigiri, na maandishi ya nukta nundu aliyasoma haraka kuliko mimi nilivyosoma gazeti. Simu zote za ofisi zilipita kwenye mtambo wake. Alijua namba za ofisi zote za mkoa kwa kichwa, na alijua pia nani hataki kuongea na nani.

Saa ya chai nilikuwa naketi karibu naye. "Mbukwa, Tabitha," alikuwa akisema, kwa salamu ya kwetu Wagogo. "Leo umechora nini?"

Nilijaribu kumweleza kwa maneno, nikashindwa. Siku moja nikashika kiganja chake, nikamchorea alama kwa ncha ya kidole changu. Tangu hapo ikawa desturi. Nakiri kwamba zipo siku nilichora polepole kuliko ilivyohitajika.

Baada ya miezi kadhaa akasema, "Hizi alama zako ninazijua zote. Sasa nipeleke kwenye zile zenyewe."

Mhifadhi Mwandamizi hakutaka kusikia. "Kipofu pangoni? Akianguka nitaandika nini kwenye ripoti?"

Lazaro alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika kwamba kulikuwa na giza, mzee."

Mhifadhi alicheka bila kupenda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mara moja tu. Anawe mikono kwa sabuni. Na wewe Tabitha, usimwachie."

Tulikwenda asubuhi ya kiangazi, upepo ukipeperusha vumbi jekundu. Tulipofika mwisho wa mwanga nikawasha taa, nikaweka mkono wake juu ya alama ya kwanza. Aliipapasa kwa muda mrefu. Akasogea, akapapasa ya pili, kisha ya tatu.

"Zote ziko usawa wa kifua," akasema. "Umeliona hilo?"

Nilikuwa nimezipima zote na kuandika vipimo vyake daftarini. Sikuwa nimeliona.

"Na huku kingo zake ni laini, huku zinakwaruza. Mikono imepita hapa mara nyingi, Tabitha, na yote imepita kutoka nje kwenda ndani. Zima taa."

"Kwa nini?"

"Waliozichonga hawakuwa na taa. Zima."

Nilizima. Sijawahi kuwa katika giza kama lile. Nilishika mkono wake wa kushoto, na wa kulia akautembeza ukutani. Alipofika kwenye ile ya mistari mitatu, akachukua kidole changu akakitelezesha ndani. Mstari mmoja ulikuwa na kina zaidi kuliko mingine miwili. Njia ya pango inagawanyika pale kuwa njia tatu. Tukafuata ule wenye kina.

Tulitembea hatua chache, akasimama ghafla. "Hapa kuna duara. Kubwa, tena limechongwa mara mbili. Sipiti."

Hatua mbili mbele yetu palikuwa na shimo lenye kina cha mtu na nusu. Nilikuwa nimekaza mkono wake tayari kumvuta nyuma, kwa sababu sikuwahi kumwambia habari za shimo lile. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nje ya kikosi chetu.

"Lazaro, kuna shimo."

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema taratibu.

Tulilizunguka kwa kubanana na ukuta. Baada ya hapo zilianza safu za vishimo, na kadiri tulivyoendelea vilizidi kukaribiana, mpaka mwamba chini ya vidole vyetu ukawa baridi, kisha unyevu. Vishimo viliishia juu ya bakuli la mawe lililojaa matope. Niliwasha taa. Kwenye ufa wa ukuta, ambao hatukuwahi kuujali, tone la maji lilikuwa linajikusanya. Lazaro alilisikia lilipodondoka, akatabasamu kama mtu aliyepokelewa nyumbani.

Mnaoishi Dodoma hamhitaji kuelezwa maana ya maji mwezi wa kumi. Tulikaa pale, mikono yetu bado imeshikana ingawa taa ilikuwa inawaka na hapakuwa na sababu.

Mhifadhi Mwandamizi alikwenda mwenyewe kuhakikisha kwamba alama zinaelekeza kwenye maji. Aliporudi hakusema tena habari za chapa za ng'ombe. Aliandika ripoti nzuri, kwa uangalifu, yenye neno "huenda" mahali pengi. Jina la Lazaro halikuwamo. Nilikataa kutia saini michoro yangu. Tulibishana siku tatu.

"Opereta wa simu hawezi kuwa mtafiti," alisema.

"Lakini ndiye aliyesoma, mzee. Mimi nilinakili tu."

Mwishowe aliliweka jina mwishoni, chini ya kichwa "Waliosaidia." Nilimsomea Lazaro. Akacheka mpaka akakohoa. "Nilisaidia kufanya nini? Kushika taa?"

Haikupita muda mrefu simu za moja kwa moja zikawekwa kwenye kila meza, na mtambo wake ukaondolewa. Hapakuwa na nafasi nyingine kwa ajili yake, akarudi kwao Kongwa. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, akangoja. Nilijua anangoja nini. Mfukoni nilikuwa na barua ya uhamisho kwenda Singida, na ofisi nzima ilikuwa inatutazama. Nikasema, "Safari njema, kaka Lazaro. Nitakuja kukusalimia."

Singida nilikaa miaka mingi, kisha Tabora chini ya Mhifadhi mkali asiyependa wino kuvuja, kisha nikarudishwa Dodoma kuwafundisha wachoraji wapya. Kila likizo nilipanga kwenda Kongwa. Kila likizo ilikuja safari ya kikazi, au mvua ikakata njia, au nikaona haya. Nimeingia mapango mengi. Katika yote nilizima taa kidogo, nikanyoosha mkono, na katika yote mkono ulirudi mtupu.

Mwezi uliofuata baada ya kuagwa kazini, ilikuja simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Wewe ndiye Tabitha wa pangoni?"

"Ndimi."

"Mimi ni dada yake Lazaro. Tumemzika Alhamisi. Namba yako nimeipata ofisini kwenu. Alikuwa anasema utakuja. Hata tukipata mgeni yeyote, alikuwa anauliza ni nani. Mbona hukuja, wifi?"

Aliniita wifi. Nilisema ni kazi. Ilikuwa kweli, na niliposikia ninavyoisema nikajua haitoshi.

Mkiniuliza kama naikumbuka kazi, naikumbuka, kuanzia harufu ya popo hadi plastiki iliyokuwa inanata mikononi. Lakini sasa siku zangu ni ndefu na hakuna anayenipangia safari. Afya ninayo. Na barabara ya Kongwa siku hizi ni lami.