Siku Niliyowaosha Wazee wa Papa Fanny

Mimi ni mchuuzi wa samaki wa kukaushwa kwa moshi, na mume wangu Dominique ni fundi wa baiskeli. Watu wa avenue yetu wananiita Mama Fanny na yeye Papa Fanny, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, na hata sisi wenyewe nyumbani tunaitana hivyo. Akiniita Virginie, jina la ubatizo, najua kuna matata.

Miaka thelathini na moja nimeishi nyumba moja na kopo la maziwa lililojaa sarafu. Si pesa za kununulia kitu, ondoa wazo hilo. Mtoto wa leo hapa Kisangani hajui kwamba pesa iliwahi kuwa chuma. Sisi ni noti tu, na noti zenyewe zimechoka. Zile za kopo ni za wakati wa Wabelgiji, na za Zaire, na nyingine sijui za wapi. Alizipata kwenye baiskeli.

Ngoja nieleze. Wakati wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, rondelle ilikuwa haipatikani, kile kichuma cha duara kinachokaa chini ya nati. Basi watu wakatumia sarafu za zamani. Nyingine za Wabelgiji zilikuja na tundu katikati, nyingine walizitoboa wenyewe kwa msumari. Donc Papa Fanny akifungua gurudumu, kitu cha kwanza alikuwa anachungulia chini ya nati. Akikuta sarafu asiyoijua, anamwekea mteja rondelle mpya ya kununua, na sarafu anaitia mfukoni. Nilimwambia mara ngapi kwamba anafanya kazi ya hasara. Alikuwa anacheka.

Siku ya namna hiyo alirudi nyumbani mapema, haoni sombe, majani ya muhogo niliyompikia, haoni samaki. Anaigeuza sarafu, anaitemea mate kidogo, anaipangusa na shati nililofua mimi. Kisha ananiita nije nione, na mimi nakuja na mwiko mkononi, nimekasirika, lakini nakuja. Uso wake siku hizo ulikuwa uso wa yule kijana aliyefika kwa baba yangu kule Yanonge na mbuzi wawili wa mahari badala ya watatu, akidhani hakuna atakayehesabu.

Kila sarafu aliiita mzee. Kulikuwa na Mzee Tembo, Mzee Nyota, Mzee Mchikichi, kila mmoja kwa picha yake. Na kulikuwa na mmoja aliyemwita Mzee Kipofu, kwa sababu hakuwa na uso wowote: grisi ngumu na kutu ya kijani pande zote mbili, na tundu limetobolewa ovyo, karibu na ukingo. Alimtoa kwenye baiskeli ya askari mmoja wa kambi ya Kapalata. Mara mbili nilimwambia amtupe.

Bon, zikaja moto, yaani pikipiki za abiria, na pikipiki haina haja ya sarafu. Miaka sita Papa Fanny hakupata mzee mpya hata mmoja. Na katika miaka hiyo sita macho yake yakaanza kufunga. Daktari alisema ni presha ya jicho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anaona mwanga na vivuli. Kazi alimwachia mdogo wake Papy, na kilichobaki kikawa kopo. Kila Jumapili baada ya misa anakaa kwenye kiti chake, anamimina wazee juu ya kitambaa, anawapapasa mmoja mmoja na kuwaita majina. Hakosei. Hiyo ndiyo furaha iliyokuwa imembakia, na nilijua vizuri, ndiyo maana nilichokifanya kinaniuma mpaka leo.

Ilikuwa tarehe nane mwezi wa nane, sikukuu ya Mtakatifu Dominiko, yaani fête yake. Nikataka kumpa zawadi. Sisi wanawake wa mto, sufuria isiyong'aa ni aibu. Mgeni akiingia anaziangalia sufuria kabla hajakuangalia wewe. Nikajiambia: huyu mtu anaona mwanga bado, tatizo ni vyuma vyake kuwa vichafu, vikimetameta huenda atawaona tena wazee wake. Nikawalaza kwenye maji ya ndimu tangu siku iliyotangulia. Asubuhi nikasingizia kichwa, Papy akampeleka misa, na mimi nikakaa uani na majivu na mchanga na kipande cha gunia. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Walipokauka, waling'aa kama siku walipozaliwa, na mimi nikajisifu peke yangu.

Aliporudi nilimpa kahawa na beignets, maandazi ya sikukuu, nikamwekea kopo magotini. Akaingiza mkono. Akatoa mmoja, akampitishia kidole gumba, akamweka chini. Akatoa wa pili. Wa tatu akamshika muda mrefu, na tabasamu likamwisha usoni.

"Virginie," akasema. "Hawa ni banani?"

"Ni bazee yako. Nimewasukula kwa fête yako, wang'ae."

"Nilikuwa najua kila mutu kwa uchafu wake. Tembo alikuwa na grisi kwa sikio. Nyota alikuwa na kutu pembeni. Sasa bote iko sawa."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu, mimi kelele naziweza. Aliwarudisha wazee ndani ya kopo, akaniomba niliweke juu ya kabati. Jumapili iliyofuata hakuliomba. Iliyofuata tena, hakuliomba. Alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, kama mgeni anayesubiri kuambiwa aende. Nililia sokoni mbele ya samaki zangu, wateja wakadhani ni moshi.

Jumapili ya tatu nililishusha kopo mwenyewe.

"Papa Fanny, nimekosa," nikamwambia. "Lakini mimi niko na macho. Nitakusomea bazee yako moja moja."

Akafungua kiganja. Nikamimina. Nikamwekea tembo kiganjani, nikasema huyu ni Tembo. Nikamwekea wa nyota. Halafu nikachukua mwingine, nikasema, "Huyu ni mwanaume wa ndevu nyingi."

"Ule ni simba, mama," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama tangu fête. Nikaendelea, nikachukua wa shaba nyekundu nyekundu ambaye sikumkumbuka.

"Huyu iko na mizani. Ile ya zamani, ya sahani mbili."

"Ile haiko yangu."

"Imetoka ndani ya kopo yako."

Akanyoosha mkono. Kidole gumba kikazunguka ukingo, kikafika kwenye tundu lililotobolewa ovyo, kikasimama.

"Hii tundu ni ya Kipofu," akasema polepole. Kidole kikahama kikazipapasa zile sahani mbili, kwanza moja, kisha nyingine. "Upande ingine iko nini?"

"Maandiko. Lakini haiko ya kwetu, iko kama ile ya Zaina."

"Umuite. Mbio."

Zaina ni jirani yetu, Mwislamu, aliyefundishwa kusoma Kurani tangu mtoto. Alikuja na unga mikononi. Aliiinamisha sarafu kwenye jua la mlangoni, akasoma kwa shida: hapa ni sultani, jina limelika, na huku chini ya mizani ni mwaka, elfu moja mia mbili tisini na tisa. Nikafanya ishara ya msalaba. Zaina akanicheka, akasema hiyo ni hesabu ya Waislamu, kwa hesabu yetu ni kama miaka mia na arobaini iliyopita.

"Hii imetoka kwa bahari, papa," akamwambia mume wangu. "Kuna mutu alikuja nayo kwa miguu mpaka hapa."

Papa Fanny alikuwa na ule uso. Uso wa mbuzi wawili, nilikuwa sijauona miaka sita.

"Miaka makumi mbili iko kwangu na sikumujua," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulisema nimutupe."

"Mara mbili," nikasema, na tukacheka mpaka Zaina akajishikilia kiti chetu kizuri na kukiachia unga wa mikono yake.

Sasa kila Jumapili tunawamimina pamoja. Wamekuwa laini wote, hata yeye anakosea, inabidi tujifunze upya kwa vidole. Ananiambia nifunge macho, ananiwekea mmoja kiganjani, ananiuliza huyu ni nani. Jumapili iliyopita nilipapasa nikakuta tundu la ovyo na sahani mbili. Nilimjua mara moja. Nikamwambia huyu mgeni kabisa kwangu, sijawahi kumwona, nielezee. Akasogeza kiti chake karibu na changu, akaanza kunieleza.