Vita vya Kinanda Jumamosi Mchana

Kwaya yetu ya Kiswahili hufanya mazoezi katika kanisa moja la kitongoji cha Vällingby. Mpiga kinanda wa pale ni mama wa Kiswidi, mdogo wa umbo, asiyependa maneno mengi. Wiki moja msaidizi wake aliugua, naye mpiga kinanda akanifuata nikikunja viti.

"Wewe unasoma nota," aliniambia. "Jumamosi kuna tamasha; kaa kando yangu, univutie vishikio."

Vishikio hivyo ni vya mbao, vimejipanga pande zote mbili za kinanda kile cha mabomba kilicho juu roshani, na kila kimoja hufungua sauti yake. Muziki wenyewe ulikuwa wa Kihispania, wa karne nyingi zilizopita, uliotungwa kuiga vita. Tarumbeta za upande huu zinaita, za upande ule zinajibu, halafu mizinga inaanza. Mizinga aliipiga kwa kukanyaga makanyagio mawili ya sauti nene kwa pamoja, na sakafu ikatetemeka. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, nimezoea mashine za kupiga kelele, lakini siku ya kwanza ya mazoezi moyo ulinienda mbio.

Nikamfikiria jirani yangu wa Hallonbergen, mama mtu mzima kutoka Uvira, ambaye huja nami kanisani kila Jumamosi. Yeye alikimbia vita vya kweli.

"Mama, wiki hii pumzika nyumbani," nilimwambia. "Watapiga muziki wa vita."

"Vita ya nani?"

"Ya Wahispania wa zamani."

"Basi haiko yangu. Nitakuja."

Akaja, akaketi benchi la tatu na kofia yake ya sufu. Nilimwona kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya kinanda. Tarumbeta zilipolia alikumbatia mkoba wake. Mizinga ilipoanza, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Macho yangu yakabaki kwenye kioo, na mpiga kinanda aliponiashiria kwa kichwa, nikakosea, nikavuta kishikio cha pembeni ya kile alichotaka.

Kilikuwa cha ndege: filimbi ndogo yenye maji ndani, inayoimba kama chiriku. Mizinga inanguruma, ndege anaimba. Nilitaka kukirudisha, lakini mpiga kinanda akatikisa kichwa huku amebana midomo asicheke. Ndege akaimba mpaka vita vikaisha, na watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Niliteremka mbio. Macho ya mama yalikuwa na machozi.

"Nisamehe, mama."

"Ya nini? Nilikuwa nacheka. Ile vita ni ya namna gani? Huyu anapiga, anangojea mwenzake ajibu, ndipo anapiga tena. Watu wa heshima kabisa." Akajifuta kwa kitambaa. "Lakini ile ndege ni ya kweli. Asubuhi tulipokimbia, ndege waliimba njia yote. Niliwachukia sana. Huyu wa leo sikumuchukia."

Mpiga kinanda alikuwa amefika, nikamtafsiria. Alimshika mama mkono, kisha akauliza kama anakunywa kahawa. Mama akajibu kwamba anakunywa, yenye sukari nyingi, ila kwanza anataka kuona ndege anakaa wapi. Tukapanda ngazi sisi watatu, polepole kwa sababu ya magoti ya mama. Alipofika juu alikivuta mwenyewe kishikio cha ndege, mara tatu.