Nilifuta Penseli ya Nesi

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Huu ni mwaka wa pili nalibeba na limenishinda, ndiyo maana naliandika hapa ambapo hamnijui.

Mimi ni karani kwenye zahanati ya misheni huku Simiyu. Kijiji sikitaji. Tulipoletewa kompyuta na skana, nilipewa kazi ya kuingiza vitabu vyote vya wazazi, tangu zahanati ilipofunguliwa. Ni vitabu vikubwa, mende wamekula pembeni, na kila ukurasa una watoto waliozaliwa, kilo zao na majina ya mama zao. Nilijiona mtu! Zahanati nzima ni mimi peke yangu niliyejua kuwasha ile mashine.

Sasa, kulikuwa na nesi wa zamani, marehemu siku nyingi, ambaye alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Kurasa zangu za kwanza zilirudishwa na msimamizi wa kutoka mjini, akasema ni chafu, anataka kurasa safi. Hakuniambia nifute. Hilo nililibuni mwenyewe. Nilikwenda Bariadi, nikaingia steshenari, nikanunua raba za kufutia nne, na ndani ya wiki moja nikasafisha vitabu vitatu huku nasikiliza redio. Sikusoma hata mstari mmoja. Yule nesi alikuwa anakandamiza penseli, na mimi nikawa namlaumu moyoni kwa kunichosha mkono.

Kazi ikasifiwa. Nilipigwa hadi picha, nimesimama kando ya mashine yangu, nacheka.

Miezi michache baadaye mama yetu akaugua. Siku zake za mwisho alimwita dada yangu mkubwa, ambaye nitamwita Kabula ingawa si jina lake. Mimi nilikuwepo, nimekaa miguuni pa kitanda.

"Ng'wanone, mwanangu," mama akamwambia, "hukutoka tumboni mwangu. Nilikuchukua zahanati ukiwa na siku tatu. Aliyekuzaa simjui. Nesi ndiye alimjua, na aliniambia amemwandika kitabuni."

Kabula ana miaka arobaini na kitu. Anauza dagaa Lamadi, ana wajukuu tayari. Alilia sana. Halafu akanigeukia, akanishika mikono yote miwili, akasema ni bahati kubwa kwamba vitabu viko kwangu.

Jamani! Niliitikia. Nilisema ndiyo, dada, ni bahati.

Tulipomaliza msiba akaja zahanati. Ukurasa wake tuliupata kwa mwezi na mwaka aliotajiwa na mama. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Mahali pa jina la mama palipigwa mstari tu. Pembeni, pale penseli ilipokuwa, palikuwa peupe, karatasi imekuwa nyembamba na imetoka nyuzi. Kabula akainua kitabu dirishani penye jua, akapitisha kidole polepole.

"Hapa pamefutwa?"

"Karatasi za zamani ndivyo zinavyochakaa," nikamwambia.

Aliniamini, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikakumbuka mchezo wetu wa shuleni, ule wa kupaka penseli juu ya karatasi iliyoandikiwa ili maandishi yajitokeze. Nikapaka kwa kuogopa. Likajitokeza neno moja tu: "atarudi". Mengine yote nilikuwa nimeyasaga kwa raba.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumkimbilia dada yangu, na stendi hakuwa amefika bado. Lakini angeniuliza mengine yamekwenda wapi. Nikachukua raba, nikalifuta na hilo. Mara ya kwanza nilifuta kwa ujinga. Mara hii nilifuta nikijua, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Tangu hapo Kabula hatulii. Akipata nafasi anazunguka vijijini, mara Sapiwi, mara Mwamanyili, anauliza wazee wa kike kama kuna aliyewahi kuacha mtoto zahanati. Wengine wanamfukuza, wanadhani anawachafulia jina. Akirudi anapitia kwangu, na kila mara ananiletea dagaa, kwa kunishukuru kwamba nilimtafutia ukurasa wake. Nawapika. Nawala, Mungu wangu, nikiwa nimekaa mbele yake.

Mara ya mwisho alichelewa kuondoka. Alikaa tu, ameshika kikombe, chai imepoa. Akasema ameamua kuacha kutafuta.

"Alinitupa, mdogo wangu. Kama angekuwa ananitaka, angeacha hata neno."

Nikamuongezea chai.

Wewe uliyepewa makaratasi ya zamani uyaingize kwenye kompyuta, nakuomba, usiyasafishe. Yaingize na uchafu wake, na aliyekutuma akikasirika, mwache akasirike. Hujui nani atakuja kuusoma. Na kama umeshafuta, sema leo hii, kabla hujafuta mara ya pili. Mimi nilipata nafasi ya kusema, nikamimina chai.

Dada, najua utasomewa haya, na ukifika kwenye dagaa utajua ni mimi. Hukutupwa. Neno lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu. Nesi aliandika "atarudi".