Nilivyombebea Cucu Kuni Zake

Walimu wenzangu, nichekeni tu. Juzi hapa Kibugu nilifundisha Hali ya Hatari ya wakati wa mkoloni kwa vitendo. Tulichora handaki uwanjani kwa majivu. Ng'ambo yake ukawa msitu, na wapiganaji wa uhuru wenye njaa. Mimi nilikuwa homugadi, mlinzi mwenyeji wa mkoloni, rungu mkononi. Wanafunzi walijaribu kuwavushia chakula, nami nikawanasa wote, hata aliyeficha viazi ndani ya soksi. Nilivimba kichwa!

Ndipo Cucu, bibi wa kijiji niliyemwalika kutusimulia ya enzi hizo, akaingia kwenye foleni ya ukaguzi na mzigo wa kuni mgongoni.

"Mwalimu, mgongo umekataa. Nipokee."

Nani aliyelelewa Embu atamwacha mwanamke mzee na mzigo? Niliubeba mwenyewe, nikavuka nao, nikautua polepole. Kisha nikarudi penye foleni na kutangaza, "Leo haikupita hata punje!"

Nyuma yangu nikasikia watu wakitafuna. Kuni zilikuwa zimefunguliwa, na kila mpiganaji alishika kipande cha nduma, gimbi la kuchemsha lililofichwa ndani yake. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Cucu alinipangusa vumbi begani.

"Usione haya, mwanangu. Hata homugadi wa wakati ule alinibebea. Naye alikuwa na adabu kama wewe."